Hela kwanza, mpira baadaye: Rens wa Harlem

Ukitaja historia ya mpira wa kikapu Marekani, wengi huanzia kwa Michael Jordan, wachache hurudi hadi kwa Bill Russell, na wanaojiona wajuzi humtaja George Mikan na miwani yake. Mimi nikiulizwa naanzia kwenye ukumbi wa dansi. Ukumbi huo ulikuwa Harlem, New York, kwenye kona ya mtaa wa 138 na Seventh Avenue. Sakafu yake iling'arishwa kwa ajili ya viatu vya wacheza dansi, taa za vioo zilining'inia darini, na upande mmoja palikuwa na jukwaa la bendi. Timu iliyozaliwa humo iliitwa New York Renaissance, kwa kifupi Rens, na kuna miaka fulani ya 1930 ambayo sioni timu iliyokuwa bora kuliko hiyo popote duniani.

Habari za Rens siku hizi husimuliwa kama habari za ubaguzi: vijana weusi wenye vipaji walinyimwa nafasi, wakavumilia, wakashinda. Ni kweli yote hayo na nitayafikia. Ila kinachonivuta mimi ni daftari la mapato. Niliwahi kuwa mweka hazina wa timu ya mtaani, nikakaa mlangoni na kitabu cha tiketi, kwa hiyo najua jinsi shilingi inavyotoka mkononi mwa shabiki ikayeyuka kabla ya kumfikia mchezaji. Nikisoma juu ya watu walioishi kwa mpira wa kikapu katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, bila ligi, bila mdhamini, bila hata hoteli ya kuwapokea, huwa najiuliza kwanza nani alikuwa akihesabu.

Aliyehesabu alikuwa Robert Douglas, Bob kwa watu wake. Alizaliwa mwaka 1882 Saint Kitts, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza, akahamia New York akiwa bado kijana. Kazi alizopata zilikuwa zile anazopata mgeni mweusi asiye na mtu mjini, ubawabu na utarishi. Mpira wa kikapu wenyewe ulikuwa bado mchanga. James Naismith aliubuni Springfield, Massachusetts, mwaka 1891. Douglas alipouona kwa mara ya kwanza, karibu mwaka 1905, ukamwingia damuni. Mwaka 1908 yeye na wenzake wakaanzisha klabu ya michezo iliyoitwa Spartan, na timu yake ya kikapu ikajulikana kama Spartan Braves.

Enzi hizo timu za weusi za New York zilikuwa za ridhaa, na walioendesha chama chao waliuthamini uridhaa kama dini. Mchezaji akinong'onezewa kwamba amewahi kupokea hela mahali, basi amechafuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 chama kikamtaka Douglas awaondoe baadhi ya wachezaji wake kwa sababu hiyo hiyo, akagoma. Nampenda kwa kugoma kule. Uridhaa ni mzuri kwa mtu ambaye jioni anarudi kwenye nyumba ya baba yake na kukuta chakula mezani. Watu wa Douglas walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, wafanya vibarua. Kuwaambia wacheze bure kwa heshima ya mchezo ilikuwa ni kuwaambia wasicheze.

Tatizo la Douglas lilikuwa uwanja. Timu alikuwa nayo, mashabiki alikuwa nao, ila hakuwa na mahali pa kuwaweka. Upande wa pili wa tatizo hilo alisimama William Roach, mfanyabiashara mweusi aliyetoka Karibi kama yeye, ambaye pamoja na wenzake walikuwa wamejenga Renaissance, jengo la burudani lililomilikiwa na weusi katika mtaa ambao kumbi nyingi zilikuwa za wazungu. Wakakubaliana hivi: timu itabeba jina la ukumbi, nao ukumbi utaipa timu mahali pa kufanyia mazoezi na kuchezea mechi zake za nyumbani. Tazama ujanja uliomo. Kila gazeti lililoandika matokeo ya timu lilikuwa linautangazia ukumbi bila malipo, na kila aliyekuja kucheza dansi alikuwa shabiki aliyekwisha kulipa kiingilio. Leo makampuni hulipa mamilioni ya dola jina lao liandikwe kwenye kiwanja cha mpira; hawa walibadilishana jina na sakafu.

Tarehe 3 Novemba 1923 Rens wakacheza mechi yao ya kwanza na kuwafunga Collegiate Five, timu ya wazungu, 28 kwa 22. Usicheke matokeo hayo. Baada ya kila kikapu mpira ulirudishwa katikati ukarushwa juu kati ya watu wawili warefu, utaratibu uliodumu hadi mwaka 1937. Saa ya sekunde 24, inayoilazimisha timu irushe mpira kikapuni kabla muda huo haujaisha, haikuwepo. Hiyo ililetwa na NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mwaka 1954. Timu iliyokuwa mbele ingeweza kuuficha mpira hadi wapinzani wazeeke.

Kuhusu usiku wa mechi pale ukumbini tunao ushahidi wa William "Pop" Gates, aliyejiunga na timu mwaka 1938 akiwa ametoka tu shule. Alisimulia kwamba watu walicheza dansi mpaka muda wa mechi ulipofika. Hapo vikapu vililetwa vikasimamishwa, alama za mipaka na za mstari wa adhabu zikawekwa sakafuni, wachezaji wakaingia. Kiwanja kilikuwa kidogo kuliko cha kawaida na kilikuwa kinateleza vibaya sana. Mechi ikiisha, vikapu viliondolewa na dansi likaendelea hadi usiku wa manane. Na bendi zenyewe usifikiri zilikuwa za kuokoteza: Gates aliwataja Duke Ellington, Count Basie, Ella Fitzgerald na bendi ya Chick Webb. Hebu mfikirie beki wa timu ngeni aliyezoea mbao kavu za shule, anageuka kwa kasi kumfuata mtu, miguu inamkimbia, anakwenda kutua mbele ya mama aliyevaa gauni la hariri na glasi mkononi.

Naamini sakafu ile ndiyo iliyowafundisha kucheza walivyocheza. Kila aliyewaona anasema jambo moja: hawakuudunda mpira ila kwa shida, waliupitisha. Pasi fupi, pasi nyingine, mtu anakata kuelekea kikapuni, pasi, na mpira haujagusa chini. Mpira wa enzi hizo nao ulichangia. Ulikuwa wa ngozi, umeshonwa na kufungwa kwa kamba, na ukidunda juu ya ile kamba ulikwenda unakotaka wenyewe. Ukiwa juu ya sakafu inayoteleza, na mpira usioaminika, mwenye akili ataucheza hewani.

Kapteni wao alikuwa Clarence "Fats" Jenkins, ambaye jina lake la utani lilimaanisha mnene ilhali sifa yake ilikuwa mbio. Majira ya joto alikwenda kucheza besiboli katika ligi za weusi, kama alivyofanya mwenzake Bill Yancey. Eyre Saitch alikuwa bingwa wa tenisi wa chama cha weusi. Mwaka 1929 Douglas akamsajili Charles "Tarzan" Cooper, futi 6 na inchi 4, baada ya kumwona akicheza Philadelphia. Mwaka 1932 akaja Willie Smith kutoka Cleveland, futi 6 na inchi 5, na wenzake wakambandika jina la Wee Willie, yaani Willie kadogo. Ukiwa na watu wawili kama hao katika mchezo ambao mpira unarushwa juu baada ya kila kikapu, umeshaelewa nusu ya siri.

Wapinzani wao wakubwa walikuwa Original Celtics, wazungu wa New York, ambao hawana undugu na Boston Celtics wa leo. Hao ndio walioitwa mabingwa wa dunia katika miaka ya 1920, na mwaka 1925 Rens wakawafunga kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo ligi ya kulipwa ya ABL ikaanzishwa na Rens hawakupokewa, maana ilikuwa ya wazungu watupu. Celtics na Rens waliendelea kukutana, wakati mwingine mbele ya maelfu ya watu, na kila upande ulijua kwamba mwenzake ndiye anayejaza ukumbi. Joe Lapchick, mchezaji wa kati wa Celtics, alikuwa na desturi ya kumkumbatia Tarzan Cooper kabla ya mpira kurushwa, hadharani, mbele ya watu ambao baadhi yao hawangempa Cooper hata mkono. Lapchick huyu mkumbuke, atarudi.

Uchumi ulipoanguka mwishoni mwa 1929, Harlem ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia mapema. Asiye na kazi hanunui tiketi ya dansi. Douglas akawaweka watu wake kwenye basi akawatuma wakatafute hela zilipo, Magharibi ya Kati na Kusini, katika kumbi za shule, maghala ya jeshi na viwanja vya viwanda. Yeye mara nyingi alibaki New York akipanga ratiba kwa barua na simu. Aliyekwenda na timu alikuwa Eric Illidge, katibu wa safari.

Illidge ndiye mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii, na hakufunga hata kikapu kimoja. Alitembea na vitu viwili: kifaa kidogo cha mkononi cha kuhesabia watu, na bastola. Malipo ya Rens mara nyingi yalikuwa asilimia ya mapato ya mlangoni, na mwenyeji wa mechi kazi yake ya asili ni kusema watu walikuwa wachache. Illidge alisimama akawahesabu kwa kubonyeza, mmoja mmoja, halafu akaenda kwa mwenyeji akiwa na idadi yake mwenyewe. Agizo lilikuwa wazi: timu haiingii kiwanjani kabla hela hazijawa mkononi. Pata picha ya mji mdogo wa Indiana, ukumbi umejaa, watu wanapiga miguu sakafuni, na wachezaji weusi wamekaa chumbani na makoti yao wakimsubiri bwana mmoja amalize kuhesabu noti. Wengi wanaosimulia habari za Rens huitaja bastola kwa haraka wakarudi kwenye pasi na vikapu. Mimi kile kihesabio ndicho ningekiweka makumbusho.

Hela zilipopatikana, kilichofuata kilikuwa mahali pa kulala. Hoteli nyingi hazikuwapokea weusi, na migahawa mingi haikuwauzia chakula ila labda kwa kupitia mlango wa nyuma. Kwa hiyo walipiga kambi katika miji waliyokuwa na wenyeji weusi wa kuwapokea, kama Indianapolis au Chicago, wakawa wanatoka hapo kwenda kucheza mji mwingine na kurudi usiku huo huo, hata kama ni mamia ya kilomita. Walikula mikate na nyama baridi ndani ya basi. Kisha kesho yake wakacheza tena.

Na walishinda hivyo hivyo. Kuanzia Januari mosi 1933 hadi Machi 27 mwaka huo walishinda mechi 88 mfululizo. Hesabu siku za kipindi hicho utapata 86. Maana yake kuna siku walicheza zaidi ya mara moja, na hawakupata siku ya kupumzika iliyo ya maana, mabegani wamechoka kwa viti vya basi, nao bado hawakufungwa. Waliowakatiza ni hao hao Celtics. Msimu huo wote walifungwa mechi 8 tu dhidi ya ushindi 120. NBA ya leo ina mechi 82 kwa msimu na ndege za kukodi, na wachezaji hupumzishwa wakicheza usiku mbili mfululizo. Siwalaumu, mwili ni mwili. Nasema tu.

Wachezaji walisimulia pia hesabu nyingine, ya ndani ya mchezo. Marefa walikuwa wa wenyeji. Kwa hiyo Rens walikimbilia kupata pointi 10 mapema iwezekanavyo, wakizihesabu hizo kuwa ni za kuporwa, kisha ndipo wakaanza kucheza mechi yenyewe. Huo nauita uhasibu.

Mwaka 1936 akaja John Isaacs, mzaliwa wa Panama aliyekulia Harlem, moja kwa moja kutoka shule ya sekondari. Mkataba wake ulikuwa dola 150 kwa mwezi na dola 3 kwa siku za chakula. Kwa kijana mweusi wa Harlem wakati ule, wakati watu wazima walisimama kwenye foleni za supu, hizo zilikuwa hela za kumsimamisha mama mzazi mlangoni akisoma karatasi mara mbili. Wachezaji wakongwe walipata zaidi yake kwa mbali.

Machi 1939 gazeti la Herald-American la Chicago likadhamini mashindano yaliyoitwa ya dunia kwa timu za kulipwa, na safari hii timu za weusi zikaalikwa pamoja na za wazungu. Kwa Douglas hii ilikuwa nafasi ya kumaliza ubishi uliodumu miaka kumi na sita. Nusu fainali iliwakutanisha na timu nyingine ya weusi, Harlem Globetrotters, ambao pamoja na jina lao walikuwa watu wa Chicago chini ya meneja mzungu, Abe Saperstein. Watu wa Douglas hawakuyapenda yale maigizo ya Globetrotters ya kuwachekesha watazamaji. Wakawafunga 27 kwa 23. Fainali ikawa dhidi ya Oshkosh All-Stars wa Wisconsin, moja ya timu kali za ligi ya NBL, na Rens wakashinda 34 kwa 25. Zawadi ilikuwa dola 1,000. Msimu mzima wakawa wameshinda mechi 112 na kupoteza 7.

Douglas akawashonea majaketi ya ubingwa. Mgongoni yaliandikwa mabingwa wa dunia, na mbele ya maneno hayo neno la kuonyesha kwamba ni mabingwa "wa rangi". Isaacs akaomba wembe, akakaa chini akaanza kulifumua neno lile, uzi kwa uzi, taratibu asichane kitambaa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Douglas alimwona akamwambia anaharibu jaketi. Naye akajibu kwamba analitengeneza. Douglas, mtu wa hesabu, lazima alikuwa anafikiria bei ya jaketi. Walikuwa wamewafunga wazungu na weusi pia, wote waliowekwa mbele yao, kwa hiyo kwa hesabu hiyo hiyo Isaacs alikuwa sahihi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama haraka kuliko walivyostahili. Mwaka 1940 Globetrotters wakawatoa kwa pointi moja, 37 kwa 36, wakachukua ubingwa wao. Vita vikaja, petroli ikawa ya mgawo, na timu inayoishi kwa basi haiwezi kuishi bila petroli. Wachezaji kadhaa wakahamia Washington Bears, ambao mwaka 1943 walishinda mashindano yale yale ya Chicago; ukiwatazama sura ni Rens wale wale kwa jezi nyingine. Mwaka 1948 Rens wakafika fainali tena wakafungwa na Minneapolis Lakers 75 kwa 71, siku ambayo Mikan alifunga pointi 40 peke yake.

Desemba mwaka huo timu ya NBL iliyoitwa Detroit Vagabond Kings ikafilisika katikati ya msimu. Ligi ikawaomba Rens waichukue nafasi hiyo, wakiwa Dayton, Ohio. Baada ya miaka 25 ya kubisha hodi, mlango ukafunguliwa kwa namna ya ajabu: walirithi nafasi ya timu iliyokufa, pamoja na rekodi yake ya ushindi 2 na vipigo 17. Pop Gates akawa kocha huku anacheza, kocha mweusi wa kwanza katika ligi kubwa ya kulipwa. Chini ya jina la Rens walishinda mechi 14 wakapoteza 26. Lakini kilichowaua kilikuwa kile kile Illidge alichokuwa akikipima kwa kidole gumba: watu wa Dayton hawakuja. Hawakuwa tayari kuiita timu ya weusi watupu timu ya nyumbani, na ukumbi mtupu hauna asilimia ya kugawana.

Agosti 1949 NBL na ligi nyingine ya kulipwa, BAA, zikaungana, NBA ikazaliwa, na Rens hawakuwemo. Mwaka uliofuata NBA ikaanza kuchukua wachezaji weusi, mmoja mmoja. New York Knicks wakamchukua Nat Clifton, aliyewahi kuwa Rens, na kocha aliyempokea alikuwa Joe Lapchick. Fedha za mkataba wake zilikwenda kwa Saperstein, kwa kuwa Clifton alikuwa amekwisha kuhamia Globetrotters. Douglas hakuwa na timu tena ya kuuza mtu. Alikuwa Harlem, anasimamia ukumbi wa dansi.